Naomba ushauri: niendelee na msimu wa pili wa tamthilia ya Altered Carbon?

Wakuu, habari za jioni. Jana nimemaliza msimu wa kwanza, ule wa 2018 wenye episodi 10, na usingizi uligoma kabisa. Nafsi ya mtu kuhifadhiwa kwenye kifaa shingoni, mwili ukifa anahamishiwa mwingine, matajiri wanaishi karne na karne huku maskini wakipewa mwili wowote uliopo! Limenigusa sana.

Sasa msimu wa 2020 una episodi 8 tu, na Kovacs, mhusika mkuu, anachezwa na Anthony Mackie. Najua kisa chenyewe kinaruhusu, lakini nilishamzoea Joel Kinnaman wa msimu wa kwanza. Halafu Netflix wakaisitisha.

Mlioimaliza, kisa kinafungwa vizuri au kinaachwa njiani? Mwisho msinitajie, tafadhali.