"Vueni kofia picha itoke vizuri": haya, tumevua, mheshimiwa umeridhika?

Wakuu, nimetoka huko sasa hivi, shingo inawaka moto, asiniambie mtu nitulie.

Yule mheshimiwa wetu mnayemjua, wa suti nzito na hotuba isiyo na nukta, katuita watu wenye ualbino tufundishwe kujikinga na saratani ya ngozi. Saa ngapi? Saa saba mchana! Wapi? Uwanjani! Hema lipo, ila la wageni rasmi. Sisi walengwa tumeanikwa kama dagaa. Akashika maiki kivulini: "Epukeni jua la kuanzia saa nne hadi saa kumi!" Tukapiga makofi huku tunaungua.

Halafu ndiyo ikaja ile. "Vueni kofia picha itoke vizuri." Kofia! Ile pana, inayofunika masikio na shingo! Mimi melanini, ile rangi inayokinga ngozi na jua, sina, kofia ndiyo melanini yangu. Eti vueni. Tukavua, mpiga picha akaanza kutafuta betri. Nusu karne tumesimama vichwa wazi. Mwisho tukagawiwa kapelo za kampeni: masikio nje, shingo nje, jina lake mbele.

Vueni kofia! Kwenye siku ya saratani ya ngozi!

Mpenda Kivuli: Tupia picha basi mkuu, isije ikawa mmeungua bure 😂

Mama Wawili: Afadhali nyie. Sisi tuligawiwa losheni ya jua iliyokwisha muda, kichupa kimoja watu wanne. Na inatakiwa ipakwe tena kila baada ya saa mbili! Ikaisha hotuba haijafika katikati.

Mzee wa Hoja: Poleni nyie. Ila sisi weusi saratani ya ngozi haituhusu.

Koti Jeupe: Bob Marley je? Melanoma, aina ya saratani ya ngozi, ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole gumba cha mguu, akafariki 1981 akiwa na miaka 36. Huko hata jua halifiki. Kagua nyayo na kucha zako, mzee.

Mzee wa Hoja: Baba yake alikuwa mzungu. Halafu lile lilikuwa jeraha la mpira, alikanyagwa uwanjani.

Koti Jeupe: Kukanyagwa hakuleti melanoma!

Mleta uzi: Jamani, uzi ni wa KOFIA.

Mpenda Kivuli: Tulia kwanza mkuu. Mguu gani, kulia au kushoto?

Koti Jeupe: Kulia.

Mzee wa Hoja: Kushoto. Nabisha mpaka asubuhi.