Nimechemsha magunzi ya mahindi yatoe sukari, siku ya nne hayachachi, nakosea wapi?

Kijana wa Usagara
Wakuu mwangaluka. Nipo Usagara, Misungwi, huku Mwanza, nina mradi wangu mdogo wa kutengeneza spiriti ya majiko kwa taka za shambani maana huku magunzi na pumba za mpunga watu wanachoma tu bure. Nilisoma kwamba gunzi ndani lina sukari imejifunga, ukilichemsha na asidi kidogo inafunguka halafu unatia hamira. Basi nimetwanga magunzi kilo 3, pumba kilo 1, maji lita 20, nimechemsha masaa matatu kwa kuni, nikachuja, ikapoa, nikatia hamira ya mandazi vijiko sita. Leo siku ya nne hakuna povu, hakuna harufu ya pombe, kimya kama maji ya mtungi. Niongeze hamira au niongeze siku? Nijibuni haraka kuna mtu ananisubiri.

Dagaa Kauzu
Ongeza dua.

Bibi Kimea
Mwanangu hapo umeanza vibaya. Sisi ulezi unaloweka, unauacha uote, unaanika, unasaga, hicho ndicho kimea, ukikitia kwenye uji wa mtama ukiwa vuguvugu uji wenyewe unageuka mtamu bila sukari ya dukani, hapo ndipo unachacha. Gunzi kazi yake kuwashia moto. Tafuta maganda ya muhogo, hayo yana wanga.

Mzee wa Kamanga
Bibi amesema kweli. Ila mimi nakupongeza kijana kwa kuthubutu maana hata mimi yalinikuta, nilisikia magugu maji yanatoa mkaa mbadala, nikakodi kanta kutoka mwaloni ikaja imejaa hadi inachuruzika barabarani, nikayaanika wiki mbili. Unajua nilipata nini? Viroba viwili. Lile jani karibu lote ni maji, nililipa nauli ya kusafirisha ziwa! Mke wangu mpaka leo tukigombana anaanzia hapo.

Fundi Nyakato
Kijana, asidi gani, kiasi gani, na uliipooza na nini kabla ya kutia hamira?

Kijana wa Usagara
Asidi ya kawaida tu mkuu, kidogo sana. Nauliza hamira.

Fundi Nyakato
Nami nakujibu hamira. Asidi GANI?

Kijana wa Usagara
Maji ya betri. Lita moja.

Fundi Nyakato
Mapya ya kopo au umemwaga kwenye betri kuukuu?

Kijana wa Usagara
Nilipewa na jamaa wa gereji, betri zilizokufa. Si asidi ni asidi tu? Nimechuja na kitambaa mara mbili yakawa meupe kabisa. Na jamani mimi siwezi kurudi nyuma, nimeshatoa laki mbili na nusu kwa fundi anachomelea pipa la kukenekea, kwa hiyo nisaidieni kusonga mbele, habari za maganda ya muhogo baadaye.

Fundi Nyakato
Dogo kaa chini nikueleze maana umeua vitu vitatu kwa mkupuo.

Kwanza, maji ya betri kuukuu yana madini ya risasi ndani yake, ni sumu, na kitambaa hakiyachuji. Hiyo ndoo usimpe nguruwe, usimwage shambani wala mtaroni maana mitaro yetu yote inaishia ziwani. Ifunike watoto wasifike.

Pili, hukuipooza, yaani hukutia chokaa kuua ule ukali. Hamira ni kiumbe hai, umeitumbukiza kwenye asidi ikafa siku ile ile, hata ungeweka ndoo nzima ya hamira. Wanaofanya kazi hii wanatia chokaa kidogo kidogo huku wanapima na karatasi ya pH, kipimo cha ukali, mpaka ifike kama 5, ile tope nyeupe inayozama chini ni jasi, unachuja.

Tatu ndiyo inauma. Gunzi lina vitu vitatu vimesukwa pamoja kama ukili: selulosi, hemiselulosi na lignini, na lignini ndiyo gundi ya mti. Maji yako yakichemka yanafika nyuzi 100 basi, na hapo inayolegea ni hemiselulosi, inatoa sukari inaitwa zailosi. Hamira ya mandazi haili zailosi. Yaani sukari inawezekana ulikuwa nayo ila umemwandalia mgeni chakula asichokula! Glukosi, sukari ambayo hamira inaitaka, ipo kwenye selulosi, na hiyo ili ifunguke unahitaji joto kubwa zaidi kwenye chombo cha presha, au vimeng'enya (enzaimu) vya kuikatakata, vinavyofanya kazi kwenye nyuzi 50 hivi. Ukiunguza nako sukari inageuka furfurali, sumu nyingine kwa hamira. Na pumba ya mpunga ndiyo mbaya zaidi, imejaa silika, ile ya kwenye mchanga, ndiyo maana inakula mpaka mashine za kukoboa.

Mzee wa Kamanga
Hivyo vimeng'enya si ndio vya ule ukungu uliokuwa unakula mahema ya wanajeshi wa Marekani visiwa vya Solomon wakati wa vita kuu ya pili?

Fundi Nyakato
Ndio huo mzee, Trichoderma reesei. Uliwalia mahema na nguo za pamba, leo unafugwa viwandani.

Mtumishi wa Buhongwa
Mnajadili sayansi hamuoni kilichopo? Pipa la kukenekea, spiriti, "kuna mtu ananisubiri". Hii ni GONGO. Kukeneka bila leseni kumekatazwa kwa sheria. Kijana mrudie Mungu, vijana wangapi wamepofuka macho?

Kijana wa Usagara
Mtumishi nimeandika spiriti ya majiko. Soma.

Dagaa Kauzu
Jiko lenyewe lina mdomo na meno thelathini na mbili.

Binti Magu
Samahanini, hii naona ni chai. Umechemsha lita 20 na asidi ya betri masaa matatu kwa kuni, sawa, kwenye chombo gani? Maana nyumbani kwetu masufuria makubwa yote ni alminiamu, na alminiamu na asidi ya moto haviishi nyumba moja. Hilo sufuria lingekuwa limeliwa. Weka picha.

Dagaa Kauzu
Chai ya rangi, na sukari yenyewe haijapatikana.

Mtumishi wa Buhongwa
Nilijua ni muongo.

Mzee wa Kamanga
Mimi nimeshamwaga siri ya kanta yangu bure kumbe mtu anatunga!

Bibi Kimea
Mwacheni mtoto ajibu.

Kijana wa Usagara
Sitaki kuweka picha.

Haya. Lilikuwa la alminiamu. Lilianza kutoa vipovu vidogo vidogo chini na pembeni nikafurahi nikasema sukari inatoka, nikaongeza kuni. Kesho yake naosha naona lina vidoa kama ndui na sehemu moja ukiliinua juani unaona mwanga. Sufuria si langu, ni la mama mkwe, nilimwambia nakwenda kupikia wali wa kipaimara. Yeye ndiye ananisubiri, Jumamosi wana harusi na analitaka.

Fundi Nyakato
Loo.

Binti Magu
Pole kaka, naondoa neno langu la chai. Ila lisipikiwe tena chakula hilo, hata fundi akiliziba.

Dagaa Kauzu
Mwambie mama sukari ilizidi, ikala na sufuria.

Kijana wa Usagara
Ameshapiga simu mara tatu leo sijapokea. Kuna anayejua sokoni Makoroboi sufuria la kuingia ndoo moja ya maji ni namba ngapi na wanauzaje?

Bibi Kimea
Namba sikumbuki, mwanangu, nenda na ndoo yenyewe uwapimie. Na uchukue lenye mfuniko, la mkweo lilikuwa na mfuniko?

Kijana wa Usagara
Lilikuwa nao. Mfuniko mzima.