Kata moja, mihuri miwili: viongozi wetu mnatuua kabla hata CCM hawajatugusa

Wakuu, nimejizuia miezi mitatu nisiandike hili, nikijiambia mambo ya chama yamalizwe ndani ya chama. Leo, tukielekea uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, 2024, nimeshindwa. Chama sikitaji, wilaya siitaji, na majina ya watu siyaweki hapa. Wahusika wakisoma mistari miwili watajijua.

Mimi ni katibu wa tawi. Posho sina, mshahara sina, ofisi ya tawi ni sebule yangu, na bendera iliyopo nje niliinunua mwenyewe baada ya ile ya zamani kuchanika. Silalamiki kwa hayo, niliyakubali siku nilipochaguliwa. Ninacholalamikia ni hiki: wiki iliyopita nimeletewa barua mbili za kuitwa kikao cha kata, siku moja, saa ileile, sehemu mbili tofauti. Moja imesainiwa na katibu wa kata tuliyemchagua kwa kura. Ya pili imesainiwa na kaimu katibu aliyewekwa na wilaya baada ya yule wa kwanza kuambiwa amesimamishwa, ingawa hakuna kikao tunachokijua kilichomsimamisha. Zote mbili zina muhuri wa chama. Nimezisoma mara tatu. Ajenda ni moja, "kujadili usaliti ndani ya kata". Neno uandikishaji halimo kwenye barua hata moja.

Uandikishaji wa wapiga kura wa uchaguzi huu unaanza Oktoba 11 na kuisha Oktoba 20, 2024. Siku 10 basi! Na kwa mtu asiyefuatilia, daftari hili silo lile la kudumu la Tume ya Uchaguzi. Hili ni la wakazi wa mtaa au kitongoji, linasimamiwa na TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na kila mwenye miaka 18 anatakiwa aende kujiandikisha upya pale anapoishi. Kadi ya mpiga kura uliyoitunza kabatini haikusaidii. Usipoandikwa ndani ya hizo siku 10, Novemba 27 utabaki unawaangalia wenzako wakipanga foleni. Nimepita kwa wanachama wangu nyumba kwa nyumba, na karibu kila niliyemuuliza alidhani kadi inatosha. Hawa ni wanachama hai, wanaolipa ada. Sasa jirani asiye na chama atakuwa anajua nini?

Kazi ya kuwaambia ni ya nani kama si ya chama? Lakini kundi letu la WhatsApp la kata, lililokuwa na watu zaidi ya 100, limevunjika vipande viwili. Ukiweka tangazo la uandikishaji kipande hiki, wanakuuliza umetumwa na nani. Ukiliweka kipande kile, wanakutoa. Mimi nimetolewa kote kuwili ndani ya siku nne.

Chanzo cha ugomvi tunakijua. Kuna watu wawili wanataka ubunge 2025. Mmoja ni kiongozi wa wilaya, mwingine aligombea 2020 na anaona jimbo ni lake. Wote wawili wameshapiga hesabu kwamba atakayeshika matawi na kata sasa ndiye atakayeshika wajumbe wa kura za maoni, zile za ndani ya chama za kumpata mgombea, mwakani. Kwa hiyo mgombea uenyekiti wa mtaa haulizwi kama anakubalika mtaani kwake, anaulizwa yuko upande gani. Nimeshuhudia mzee mmoja, mtu anayeamua migogoro ya mipaka ya viwanja kabla haijafika popote, mtu ambaye hata wana CCM wa pale walisema wazi wangempa kura, akiambiwa asubiri kwanza "msimamo wake ueleweke". Msimamo gani? Yuko chama hiki tangu enzi ambazo kuonekana na kadi yake kulikuwa kunakupotezea kazi.

Mnadhani uenyekiti wa mtaa ni kitu kidogo, ndiyo maana mnauchezea. Kwa mwananchi wa kawaida hakuna kiongozi mkubwa kuliko huyo. Barua ya utambulisho ya kufungua akaunti au ya kumdhamini ndugu polisi inapita kwake. Anayeshuhudia mauziano ya kiwanja ni huyo. Kijijini ndiyo kabisa, halmashauri ya kijiji ndiyo yenye kusimamia ardhi ya kijiji kwa sheria ya mwaka 1999. Nchi hii ina vijiji zaidi ya 12,000, mitaa zaidi ya 4,000 na vitongoji zaidi ya 60,000. Chama kisicho na watu huko chini kinatafuta mawakala wa kura za rais kwa kuokoteza, halafu tunashangaa wakala kauza fomu ya matokeo saa tano usiku.

Na msiniambie haya ni mapya. Mwaka 1995 chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi kilipata majimbo 16, na mgombea wake, marehemu Augustino Mrema, alipata zaidi ya robo ya kura zote za urais. Halafu ukaja ugomvi wa Mrema, aliyekuwa mwenyekiti, na katibu mkuu wake Marando, mahakamani, kwenye mikutano, kila mahali. Mrema akahamia chama kingine, TLP, mwaka 1999. Uchaguzi wa 2000 NCCR ikabaki na jimbo moja. Kutoka 16 hadi moja, miaka mitano!

CUF, chama kingine cha upinzani, nayo tumeiona kwa macho yetu. Agosti 2015 Profesa Lipumba akajiuzulu uenyekiti, 2016 akataka kurudi, Msajili wa Vyama vya Siasa akamtambua, wengine wakamkataa. Ofisi kuu ya Buguruni ikaingiwa kwa nguvu. Ruzuku ikagombaniwa. Miaka karibu mitatu chama kimoja kikawa na wenyewe wawili, hadi hukumu ya Machi 18, 2019 ilipompa Lipumba ushindi, na siku hiyohiyo mpinzani wake, katibu mkuu marehemu Maalim Seif, akatangaza kuhamia ACT-Wazalendo. Kumbukeni ni chama kilichoshinda Tanga Mjini, Mtwara Mjini, Kilwa, Temeke na Kinondoni mwaka 2015. Wabunge wa Kinondoni na Temeke wakaishia CCM kabla muhula haujaisha. Na baada ya hukumu ile ilibaki miezi minane tu kufika uchaguzi wa serikali za mitaa. Katibu wa tawi kule Lindi aliamkia chama gani asubuhi ya Machi 19? Nani alimuuliza? Huwa namfikiria sana huyo mtu kuliko ninavyowafikiria wakubwa wawili waliokuwa wanavutana.

Najua mtakachojibu. Mtasema CCM ndiyo inayochochea, kuna mapandikizi, kuna watu wamenunuliwa. Inawezekana kabisa, sibishi. Lakini muhuri wa pili haukuchongwa na CCM. Umechongwa na wilaya yetu, kwa pesa yetu.

Wengine mtasema uchaguzi wenyewe hauna maana, 2019 wagombea walikatwa kwa maelfu, vyama vikubwa vya upinzani vikajitoa, CCM ikabeba zaidi ya asilimia 99. Nilikuwepo. Mgombea wetu alikatwa kwa sababu, tuliyoambiwa, kwamba fomu haikujazwa sawasawa. Nililia siku ile, mtu mzima. Ndiyo maana nina hasira leo. Kama 2019 walitukata kwa jina la chama kuandikwa kwa kifupi, mnadhani watafanya nini mwaka huu wakipokea fomu mbili za nafasi moja, mihuri miwili, saini mbili za makatibu wanaokanana? Sheria hairuhusu mgombea binafsi, lazima udhaminiwe na chama. Mwaka ule tulikuwa na pa kusimamia, tulikata rufaa tukijua fomu yetu ni safi, hata kama hatukusikilizwa. Safari hii msimamizi hatahitaji hata kutafuta kosa. Tutakuwa tumempelekea wenyewe mezani, na hatutakuwa na uso wa kumlaumu.

Kuna kitu kingine kinaniuma, nacho hakisemwi. Ugomvi huu umewafukuza wanawake. Tulikuwa na akina mama sita waliokubali kugombea ujumbe wa kamati za mitaa, viti ambavyo kila mara tunahangaika kuvijaza. Baada ya kikao cha mwezi wa nane kilichoishia kwa watu kurushiana viti, na mmoja wao kutukanwa matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa, wamebaki wawili. Wanne wamerudisha kadi. Nilimfuata mmoja nyumbani kumbembeleza, mume wake akaniuliza taratibu tu, "Katibu, hicho chama chenu kinataka kuongoza mtaa kwa namna hiyo?" Nikanyamaza. Sikuwa na jibu na mpaka leo sina.

Sijali nani anashinda kati ya hao wawili. Wakitaka 2025 wapambane kwenye kura za maoni, kura zihesabiwe hadharani, atakayeshindwa ampe mwenzake mkono. Lakini kuanzia leo mpaka Novemba 27 wauache mtaa. Mkoa ushuke ukae na kata yetu hata saa mbili, useme katibu halali ni yupi, muhuri mmoja uharibiwe mbele ya wajumbe. Wagombea wapitishwe na wanachama wa tawi wanaoishi nao. Barua ya kuomba hilo nimeandika mara mbili. Ya kwanza wilaya walikataa kuipokea, wakataka kujua kwanza nimeileta kwa niaba ya nani. Ya pili nimeituma mkoani, nina nakala yenye saini ya aliyeipokea, huu ni mwezi sasa na kimya.

Fomu zinaanza kutolewa Oktoba 26, mwisho wa kurudisha ni Novemba 1. Yule mzee bado anataka kugombea. Wale akina mama wawili nao wapo. Wameniuliza tena jana jioni wapeleke fomu zao wapi zikagongwe muhuri, na mimi ndiye katibu wao. Kiongozi yeyote wa mkoa anayesoma hapa anijibu hilo moja tu: tugonge kwa nani?