Gumzo la Wana wa Bibi: Zuhura na kamera yake kwenye msitu wa Amani

JUMAMOSI

Zuhura: Shikamooni wakubwa wote. Ndiyo nimefika Zigi, kwenye geti la msitu wa Amani, kule juu mtandao hakuna. Niko salama, mjue hilo kwanza. Lakini kamera imeingia mtoni.

Shangazi Mwajabu: Marahaba mwanangu. Mtoni?? Na wewe je?

Zuhura: Mimi maji yaliishia magotini. Sijaumia shangazi. Kamera ilikuwa juu ya stendi, jiwe likacheza, yote ikalala majini ubavu. Nimeinyanyua haraka lakini imelowa.

Mjomba Rajabu: Zuhura, umeiwasha tangu uitoe majini?

Zuhura: Bado mjomba. Ndiyo nataka nijaribu.

Mjomba Rajabu: USIIWASHE. Toa betri sasa hivi. Halafu toa kadi, halafu fungua lenzi. Kinachoua kamera iliyolowa ni umeme kupita kwenye maji. Ukiiwasha kabla haijakauka ndiyo umeimaliza.

Zuhura: Betri nimetoa. Kwenye kile kimlango chake kuna tone la maji.

Mjomba Rajabu: Futa kwa kitambaa cha pamba kikavu. Usipulize kwa mdomo, pumzi nayo ina unyevu. Usiianike juani wala kuisogeza jikoni.

Salim: Aiweke kwenye mchele mjomba? Simu yangu ilipolowa niliifukia kwenye mchele.

Mjomba Rajabu: Hapana. Mchele una vumbi na ungaunga, vyote vinaingia kwenye matundu. Vinatakiwa vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu na mikoba mipya. Bati la biskuti lenye mfuniko, vipakiti ndani, kamera ndani, funga, uiache siku kadhaa. Mshukuru Mungu ni mto. Ingekuwa bahari ya hapa Raskazone ningekwambia tuzike, maana chumvi inaendelea kula nyaya hata maji yakishakauka.

Shangazi Mwajabu: Vipakiti ninavyo, huwa sivitupi. Ukipita Muheza uvichukue, na bati lipo.

Baba Mdogo Kassim: Jamani ndiyo nashika simu. Zuhura alifuata nini Amani na masika haya? Si angengoja mvua zipungue.

Zuhura: Baba mdogo shikamoo. Nilifuata lile ua la Bibi. Tangu Idi analitaja, lile la rangi ya zambarau la kwenye mwamba. Na mwongozaji aliniambia msimu wa mvua ndio mwamba unakuwa na unyevu na majani yanashiba, kiangazi mengine yanasinyaa.

Baba Mdogo Kassim: Marahaba. Sasa hebu tueleze vizuri tangu mwanzo, maana huku Dar tunasoma mto tu.

Zuhura: Nililala kule juu, karibu na zile ofisi za zamani. Usiku baridi kabisa, ukungu unaingia hadi chumbani. Alfajiri tukashuka na bodaboda kuelekea Zigi, kamera nimeivaa shingoni ili niwahi chochote. Kufika chini joto limeshaanza. Pale pale kwenye mti juu ya barabara kuna mbega na mtoto, yule mtoto bado mweupe mwili mzima! Nainua kamera, sioni kitu. Lenzi imejaa umande. Nafuta, unarudi. Nafuta tena, unarudi. Mbega kamrusha, sijui niseme karuka na mwanawe hadi mti wa pili, wamekwenda. Picha zote nyeupe.

Mjomba Rajabu: Hiyo ni baridi ya juu uliyoshuka nayo. Kioo kilikuwa bado baridi, kikakutana na hewa ya moto yenye unyevu, ni kama glasi ya maji yaliyotoka kwenye friji. Kufuta hakusaidii mpaka kioo chenyewe kipate joto. Dawa yake ni kuifunga kamera kwenye mfuko kabla hujashuka, umande utulie juu ya mfuko, uifungue baada ya nusu saa hivi.

Salim: Mifuko yenyewe ya plastiki si imepigwa marufuku tangu 2019.

Shangazi Mwajabu: Mfuko wa mkate upo. Au kofia ya kuogea, inaenea vizuri kamera nzima, na mvua haiingii.

Mjomba Rajabu: Mwajabu hilo la kofia ni wazo zuri sana. Zuhura lishike.

Zuhura: Nimelishika mjomba. Basi tukaendelea. Njiani mwongozaji akanionyesha kinyonga, wale wa pembe tatu. Mimi peke yangu nisingemwona hata kwa dawa, yuko rangi ile ile ya jani. Nikapiga magoti nimpate usawa wa macho, na huku msituni mwanga ni mdogo mno hata saa nne asubuhi, kwa hiyo lazima utulie, ukitikisika kidogo picha inafifia. Nimetulia, nimebana pumzi. Kumbe nimepiga magoti kwenye njia ya siafu.

Shangazi Mwajabu: Astaghfirullah!

Mwanaidi: Maskini dada 😭

Zuhura: Walipanda kimya kimya, wakaanza kuuma kwa pamoja. Hadi kiunoni. Mwongozaji ananivuta nitoke kwenye mstari, mimi nashikilia kamera isianguke. Tulikaa kwenye kichaka nachomoa mmoja mmoja, kiwiliwili kinakatika kichwa kinabaki kimeng'ata.

Baba Mdogo Kassim: Siafu wakati wa mvua ndiyo wanahama. Kabla ya kupiga magoti msituni unatazama chini, hata sisi tulipokuwa tunakata kuni tulifundishwa hivyo.

Shangazi Mwajabu: Pale palipoumwa pakaa mafuta ya nazi mwanangu. Na ukague nguo zote kabla hujaingia nazo nyumbani.

Zuhura: Sawa shangazi. Kinyonga nilimpata lakini, zile pembe zinaonekana vizuri. Baadaye tukafika kwenye kijito, na hapo ndipo lilipokuwa ua. Jamani. Mwamba una kivuli, maji yanarusharusha, na katikati ya ukungu wa kijani yametoka maua madogo ya zambarau, kila moja na kijicho cha njano. Nikapiga kwa mkono kwanza. Nilikuwa nataka na ile picha ambayo maji yanaonekana laini kama moshi, inataka stendi na kufungua shata, kile kipazia cha ndani ya kamera, sekunde nzima. Mguu mmoja wa stendi niliuweka kwenye jiwe lenye ukungu wa kijani. Mengine mnayajua.

Baba Mdogo Kassim: Pole sana mama. Lakini si ungechuma shina moja tu, ukalipanda kwenye kopo, ukaja kulipiga picha hapa nyumbani kwa raha zako?

Zuhura: Hapana baba mdogo. Ile ni hifadhi ya mazingira asilia tangu 1997, hakuna kuchuma. Na hata kusingekuwa na sheria nisingechuma. Haya maua yamesambaa dunia nzima, Ulaya na Marekani wanayauza kwenye vikopo, na chanzo ni huku kwetu. Mkuu wa wilaya wa Kijerumani, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyapeleka kwao 1892, ndiyo maana yakaitwa Saintpaulia. Ya kopo yapo tele. Ya mwambani ndiyo yanayopungua, kuna aina zimebaki kwenye miamba michache tu. Mimi naenda na kamera ili niliache pale pale nilipolikuta.

Baba Mdogo Kassim: Nimekuelewa. Nafuta kauli.

Mwanaidi: Bibi amenisikiliza nikimsomea yote. Anasema niandike hivi: "Kassim, mimi sitaki ua la kopo. Baba yangu alikuwa mtunza bustani pale Amani, bustani ya miti ya Wajerumani, na hata yeye alituambia watoto tusiguse ya mwambani. Zuhura mwambieni Mungu ambariki, na apake mafuta."

Zuhura: Amina Bibi 🙏 Naanza safari ya Muheza.

JUMAPILI

Zuhura: Shikamooni. Kamera iko kwenye bati la shangazi. Ila sasa kadi. Nimeikausha usiku mzima, nimeichomeka kwenye laptopu, inaandika kwamba kadi haisomeki, inauliza iifomati, yaani iifute yote, au la. Niikubalie?

Salim: WEWE ACHA. Bonyeza hapana. Itoe.

Zuhura: Nimetoa.

Salim: Sikiliza. Kadi yako ni zile kubwa za SD, siyo? Ubavuni ina kitufe kidogo sana, kisukume upande wa kufunga. Hapo laptopu haitaiandika kitu. Picha hazijaondoka. Kilichoharibika ni ile orodha inayoiambia kompyuta picha ipi iko wapi. Kinachozifuta kabisa ni kuandika vitu vipya juu yake. Kwa hiyo usiirudishe kwenye kamera yoyote na usipige hata picha moja ya kujaribu.

Mjomba Rajabu: Enzi zetu filamu ikiingia mwanga ndiyo basi, hakuna fundi wa kuirudisha. Niliwahi kupoteza harusi nzima ya watu kwa kifuniko cha kamera kilichofunguka. Salim, unaweza kweli kuzitoa?

Salim: Naweza mjomba, kama kadi yenyewe haijaungua. Kuna programu ya bure inaitwa PhotoRec. Kwanza nanakili kadi nzima kama ilivyo, halafu nachambua ile nakala, kadi yenyewe naiacha ipumzike. Picha zinazopatikana zinahifadhiwa kwenye diski nyingine. Zuhura usijaribu mwenyewe kwa laptopu hiyo, betri yake inakata, ikikatika katikati ni hasara.

Zuhura: Nakuletea Tanga kesho na basi la asubuhi.

Salim: Ifunge kwenye karatasi, weka kwenye kikasha kigumu. Usiitie kwenye mfuko wa suruali.

Shangazi Mwajabu: Mimi nauliza tu kwa mapenzi. Hii kazi ya picha ina faida gani jamani? Mtoto ameng'atwa, amelowa, kamera ameinunua kwa kudunduliza.

Mjomba Rajabu: Mwajabu, picha pekee mliyo nayo ya mama yako akiwa msichana, nani aliipiga? Mtu aliyepanda mlima na kamera nzito kuliko hiyo.

Shangazi Mwajabu: Hapo umenishika. Basi safari ijayo asiende bila buti.

JUMATANO

Salim: Jamani kadi imetema! Nyingi zimerudi. Zile nyeupe za mbega zipo zote 😅 Kinyonga yupo, safi kabisa. Na ua lipo. Picha ya mwisho imekatika nusu, chini ni kijivu tupu, nadhani ndiyo ile ya stendi ilipoanguka. Natuma.

Zuhura: Alhamdulillah!! Salim sina la kusema.

Mjomba Rajabu: Nimezifungua. Zuhura, ile uliyopiga kwa mkono, yenye tone la maji kwenye jani, hiyo ndiyo picha. Unyevu wa kwenye lenzi upo kidogo kule pembeni na umeipa mwanga mpole. Ile ya maji laini usiihuzunikie.

Baba Mdogo Kassim: Nzuri kweli. Hiyo ichapishwe kubwa, gharama niachieni.

Zuhura: Asante sana baba mdogo. Mwanaidi muonyeshe Bibi tafadhali, ongeza mwanga wa simu.

Mwanaidi: Ameshika simu mwenyewe, ameikazia macho sana. Ngoja anasema. "Ua ndilo. Mwamba siyo wenyewe. Wa kwetu uko juu zaidi, kijito kinapogawanyika, upande wa mashamba ya chai ya Kwamkoro. Ulikuwa na ufa mrefu, tulikuwa tunaficha embe humo."

Zuhura: Bibi kumbe! Mwongozaji hakunipeleka huko. Anaweza kueleza njia?

Mwanaidi: Anasema njia haielezeki kwa simu, atakuja mwenyewe aionyeshe.

Shangazi Mwajabu: Magoti yake hayo?!

Mwanaidi: Anasema magoti ni yake.

Zuhura: Nampigia mwongozaji. Kwenye mashamba ya chai kuna barabara ya magari, tukijua inaishia wapi tutajua Bibi atatembea kiasi gani. Mvua zikipungua, kabla jua halijawa kali.

Mjomba Rajabu: Na mimi nipo. Nakuja na ile ya filamu, bado inafanya kazi.

Baba Mdogo Kassim: Gari nalikodi mimi. Zuhura niandikie siku mapema nipate lenye miguu mirefu.

Shangazi Mwajabu: Basi mimi nabeba chai, mikate na kofia za kuogea. Za kamera na za Bibi.