Anthony Johnson: ni haki kumwita baba wa utumwa wa Marekani?

Kamanda Sita (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za jioni. Kuna picha ya mzee mweusi inazunguka kwenye magrupu, chini wameandika kwamba huyu ni Anthony Johnson, mtu wa kwanza kumiliki mtumwa Marekani, kwa hiyo Weusi wa kule waache kulalamika. Picha yenyewe ni ya uongo. Jamaa alifariki 1670, kamera imekuja karne ya 19.

Lakini mtu huyo alikuwepo kweli. Alitolewa Angola, akashushwa Virginia, koloni la Waingereza, mwaka 1621 na meli iliyoitwa James, na kwenye orodha za koloni wakamwandika Antonio tu, Mweusi. Akatumikishwa kwenye shamba la tumbaku, akaupata uhuru wake, akawa na familia, na mwaka 1651 akapata ekari 250 kaunti ya Northampton. Mwaka 1655 mahakama ya kaunti hiyohiyo ikampa haki ya kumshikilia Mweusi mwenzake, John Casor, maisha yake yote.

Swali langu ni moja. Ni haki kumbebesha mtu huyu utumwa wote wa Marekani? Mimi nasema si haki hata kidogo. Leteni hoja.

Chui wa Mererani
Ni haki kabisa. Alienda mahakamani kwa miguu yake mwenyewe kudai binadamu kama anayedai ng'ombe. Wala sishangai. Mtu aliyelitupa jina la babu zake akakubali kuitwa Johnson alishajiuza mwenyewe zamani. Kumfunga mwenzake ilikuwa hatua ndogo tu.

Mwalimu Mstaafu
Huyo Casor hakuwa wa kwanza kufungwa maisha. Mwaka 1640, miaka 15 kabla ya kesi yake, watumishi watatu walitoroka Virginia wakakamatwa Maryland. Wawili walikuwa Wazungu, mmoja Mskoti na mwingine Mholanzi, nao wakaongezewa miaka minne ya utumishi. Wa tatu alikuwa Mweusi, John Punch, akahukumiwa kutumika maisha. Kosa moja, safari moja, hukumu mbili. Na mwaka 1641 Massachusetts waliandika utumwa kwenye sheria zao. Johnson wakati huo hakuwa hata na shamba la kwake. Hapo hoja ya ile picha imekwisha.

Joseph wa Mbalizi
Chui, kuhusu jina hapo umetukosea wengi. Mimi naitwa Joseph, baba yangu Anthony, babu yangu Wilson. Kwa hiyo ukoo mzima tulishajiuza? Babu alilima kahawa, akajenga shule ya kijiji kwa mikono yake, akasomesha watoto wasio wake. Njoo umwambie wajukuu zake kwamba alijiuza kwa sababu ya jina. Uwe na adabu kwa marehemu wa watu.

Chui wa Mererani
Joseph, sikumtaja babu yako, umemleta mwenyewe. Lakini kwa kuwa umeuliza: ndiyo, naamini tunaanza kupotea kwenye jina. Mimi wanangu wote watatu wana majina ya kwetu.

Pwani Halisi
Bwana Chui, unahukumu bila kuuliza jina lilitoka wapi. Hakulichukua Virginia ili awafurahishe Waingereza. Antonio ni jina la Kireno. Mfalme wa Kongo alibatizwa mwaka 1491, na Wareno walikuwa Luanda tangu miaka ya 1570. Watu wa upande ule walikuwa na majina hayo kwa vizazi kabla huyu hajazaliwa. Waingereza walipompokea wakaligeuza Antonio kuwa Anthony, basi.

Na sisi Mombasa tunaijua habari hii vizuri. Miaka hiyohiyo Antonio akivuna tumbaku Virginia, sultani wetu Yusuf bin Hassan alikuwa akiitwa Dom Jerónimo Chingulia. Wareno walimchukua mtoto, wakamlea Goa kule India, wakambatiza. Mwaka 1631 akaingia Fort Jesus akamuua kapteni wao na kuiteka ngome. Sasa niambie, lile jina la Jerónimo lilimzuia nini?

Chui wa Mererani
Pwani, umenisaidia bila kujua! Yusuf aliliacha jina la Mreno, akalirudia lake, ndipo akapigana. Antonio yeye aliongeza Johnson juu ya Anthony. Ninyi wenyewe mnaona nani alisimama na nani aliinama.

Joseph wa Mbalizi
Yusuf alikuwa sultani, yuko nyumbani kwake, ana watu wake na lugha yake, na bahari anaijua! Antonio alikuwa na nani? Mwaka 1622, mwaka mmoja tu tangu ashushwe, Wapowhatan, wenyeji wa asili wa pale, waliwashambulia walowezi, wakauawa zaidi ya 300 kwa siku moja. Kwenye shamba alilokuwepo waliuawa 52, wakabaki hawafiki kumi, na yeye akiwa mmojawapo. Mtu amevukishwa bahari kwa minyororo, amenusurika mauaji, hajui kama atafika kesho, wewe unamdai jina?

Pwani Halisi
Na usimseme Yusuf kama unamjua. Mwaka uliofuata aliiacha Mombasa akaishi kwa kuhamahama baharini mpaka kufa. Hakustarehe juu ya jina lake.

Chui wa Mererani
Alikufa huru.

Pwani Halisi
Na Antonio alikufa mtumwa? Alikufa huru vilevile, juu ya shamba alilolikodi mwenyewe.

Bint Mtoni
Kaka zangu, mmejaza ukurasa kwa jina la mwanamume, na hakuna hata mmoja aliyemtaja mke. Kamanda umeandika "akawa na familia" kama vile familia huota yenyewe shambani.

Aliitwa Mary. Alifika 1622 kwa meli ya Margaret and John, akapelekwa shamba lilelile ambalo damu ilikuwa haijakauka. Waliishi pamoja zaidi ya miaka 40. Walikuza watoto wanne, wavulana wawili, John na Richard, na mabinti wawili. Katika koloni lile watu walikuwa wakifa kwa homa kabla ya kumaliza mkataba wa utumishi, na watoto wengi walilelewa na baba wa kambo au na jirani. Familia iliyosimama miaka yote hiyo baba na mama wote wakiwa hai ilikuwa ya kuhesabiwa kwa vidole, ya Mzungu au ya Mweusi.

Mwaka 1653 moto uliwaunguzia mali. Wakaenda mahakamani kuomba nafuu, na mahakama ikamsamehe Mary na mabinti zake wawili kodi ya kichwa maisha yao yote. Zingatieni hapo. Wanawake wa Kizungu walikuwa hawatozwi kodi ile, wanawake Weusi walitozwa. Kwa uamuzi huo wanawake watatu wa nyumba ya Johnson walihesabiwa sawa na majirani zao. Mwaka 1668 Virginia ikatunga sheria kwamba mwanamke Mweusi, hata akiwa huru, alipe. Hayo yote yametokea ndani ya maisha ya mama mmoja. Huyo ndiye ningependa mumjadili, siyo kamera wala sultani.

Chui wa Mererani
Dada Bint, nakuheshimu, lakini mke mwema hamsafishi mume mwovu. Casor alisema nini mahakamani? Alisema alikuja kwa mkataba wa miaka saba au minane na Johnson amemzidishia. Na Johnson akajibu kwamba anaye maisha yake yote. Mtu aliyewahi kutumikishwa anasema hivyo!

Bint Mtoni
Basi nikumalizie habari, maana umeishia katikati. Casor alipolalamika, mkewe Johnson, wanawe wawili na mkwewe walimkalisha mzee wakamsihi amwache aende. Na alimwachia. Casor akaenda kwa jirani Mzungu, Robert Parker, akafanya kazi huko. Ndipo mzee akabadili mawazo na kumshtaki Parker kwa kumshikilia mtu wake. Mahakama ikaamuru Casor arudishwe na Parker alipe gharama. Kwa hiyo ndani ya nyumba ile kulikuwa na kauli mbili. Aliyeshinda ni mzee na mahakama ya Wazungu. Mary na watoto walishindwa.

Chui wa Mererani
Walimsihi kwa huruma au kwa hofu? Maana nilishasoma kwamba waliogopa Casor angeshinda kesi na kuwachukulia ng'ombe.

Bint Mtoni
Ndiyo, kumbukumbu zinasema waliogopa kupoteza ng'ombe. Wewe ulitaka waseme nini mbele ya mzee mkali mwenye mali? Mama anayemjua mumewe anampitishia neno palipo na mlango. Kama mlango ni ng'ombe, atapita kwa ng'ombe. Ukiwa na mama mzazi unalijua hili, labda kwenu mama alikuwa haongei.

Chui wa Mererani
Mama yangu usimguse tafadhali.

Kamanda Sita
Wakuu tusifike huko. Turudi kwenye mada.

Mtanzania Maryland
Naishi upande huu, na familia ya Johnson ilihamia jimbo hili, kaunti ya Somerset, mwaka 1665. Niongeze kidogo kuhusu ardhi, maana ndipo ukatili wenyewe ulipo kuliko hata hiyo kesi.

Zile ekari 250 alizipata kwa utaratibu wa vichwa: anayegharamia mtu kuvuka bahari anapewa ekari 50 kwa kila mtu. Yeye alidai vichwa vitano. Walipohamia huku akakodi ekari 300, akaliita shamba Tonies Vineyard. Casor walikuja naye. Kabla ya kuondoka Virginia mzee alikuwa amempa mwanawe Richard ekari 50 kule.

Akafa 1670. Mwezi Agosti mwaka huohuo jopo la mahakama kule Virginia likaamua ardhi yake irudi kwa Serikali kwa sababu alikuwa Mweusi, na kwa hiyo mgeni. Alikaa pale zaidi ya miaka 40, alilipa kodi zao, alishtaki na kushtakiwa mbele yao, alilala njaa pamoja nao. Siku alipofukiwa tu wakamgeuza mgeni! Richard akanyang'anywa ekari 50 za baba yake.

Na kwa Chui: mwaka 1677 mjukuu wa Johnson, John mdogo, alinunua shamba la ekari 44 huku Maryland. Alizaliwa Marekani, Angola hajawahi kuiona. Shamba akaliita Angola.

Joseph wa Mbalizi
Chui umesikia? ANGOLA. Hilo jina mjukuu kalisikia kwa nani kama si kwa babu aliyejiuza?

Chui wa Mererani
Jina la shamba si jina la mtu. Mbona mwenyewe alibaki John Johnson?

Pwani Halisi
Ya Rabi. Huyu bwana hata umletee kaburi atauliza sanda.

Mwalimu Mstaafu
Naomba niirudishe mada, maana niliyoyaandika mwanzo mmeyaruka. Angalieni miaka. Mwaka 1655 Johnson anashinda kesi kama mlowezi yeyote mwenye mali. Mwaka 1662 Virginia inaweka sheria kwamba mtoto afuate hali ya mama, kwa hiyo mwana wa mtumwa anazaliwa mtumwa hata baba akiwa gavana. Mwaka 1667, kwamba ubatizo haumfungui mtu. Mwaka 1670, kwamba Mweusi huru asinunue mtumishi Mkristo. Johnson hakutunga hata moja. Waliotunga walikaa barazani na majina yao yapo. Yeye alitumia mlango uliokuwa wazi, akamfungia Casor humo, na ni dhambi yake, sitamwondolea. Kisha ukuta ukajengwa juu ya watoto wake mwenyewe. Wanaosambaza ile picha wanataka tumtazame mtu mmoja tu, tusiwatazame waliojenga ukuta.

Kamanda Sita
Mwalimu, hiyo ndiyo hoja niliyokuwa naitafuta tangu mwanzo. Naomba iwekwe juu.

Chui wa Mererani
Mwalimu anasema "ni dhambi yake". Basi tumekubaliana, mada ifungwe.

Mwalimu Mstaafu
Hatujakubaliana. Dhambi ya mtu kumfunga mtu mmoja siyo ubaba wa mfumo uliowafunga mamilioni kwa miaka zaidi ya 200. Swali la Kamanda lilikuwa hilo la ubaba.

Joseph wa Mbalizi
Na mimi bado nasubiri aniombe radhi kuhusu babu.

Chui wa Mererani
Utasubiri sana.

Bint Mtoni
Chui, kabla hujaondoka, nijibu hili bila kumtaja Yusuf wala jina la mtu. Richard alizaliwa huru Virginia. Hakumiliki Casor, na yeye ni mmoja wa wale waliomsihi baba amwachie. Ekari 50 alizonyang'anywa 1670, aliadhibiwa kwa kosa la nani?