Naomba ushauri: tuliigiza mjane anafukuzwa kwenye lupango (kiwanja na nyumba yake), watu wakampigia makofi baba mkubwa

MwanaKasapa

Jambo yenu wote, ndugu na wazee. Sisi ni wanafunzi tisa wa chuo hapa Lubumbashi, wengi mwaka wa pili. Tangu kiangazi kianze, kila Jumamosi tunatoka kuigiza barabarani kwenye komini (manispaa) za hapa hapa mjini: Katuba, Ruashi, na juzi ile inayoitwa Kenya, si mbali na soko. Hatuna jukwaa wala mikrofoni. Tunachora duara chini kwa makala (makaa), tunapiga ngoma moja, watu wanajaa.

Mchezo wetu ni wa dakika kama 25. Baba wa nyumba amekufa. Kilio hakijaisha, moto wa nje bado unawaka, na baba mkubwa anaingia na vijana wawili. Anahesabu vitu: televisheni, friji, viti sita. Anafika kwenye sufuria aliyoshika mjane, ndani bado kuna bukari (ugali) ya wafiwa. Anaimwaga chini na kusema, "Hata hii ni jasho la ndugu yangu." Kisha anadai funguo za lupango.

Tulitaka watu waone uchungu. Kule Kenya ikawa kinyume. Mwenzetu anayecheza baba mkubwa ana kipaji: anavuta suruali juu ya tumbo, anagonga kila kiti kwa fimbo akihesabu. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Alipomwaga bukari, makofi. Watoto wakaanza kumfuata wakiimba "jasho la ndugu yangu", na mjane analia pale katikati bila mtu wa kumtazama.

Ila mmoja alimtazama. Mama mmoja wa mbele alitua beseni lake la nyanya, akaingia ndani ya duara, akafungua kitenge chake cha juu akamfunika mwenzetu mabega. Hakusema neno. Alisimama hapo, mkono juu ya kichwa cha yule msichana, hadi mchezo ukaisha. Akabeba beseni lake, akaenda. Kitenge tunacho mpaka leo. Wanawake wa pale walituambia kwamba yeye mwenyewe yalimpata hayo hayo, na kwamba kati ya waliokuwa wanacheka wamo majirani zake wa zamani.

Tangu siku hiyo sina raha. Tumpunguze baba mkubwa ili watu wasicheke? Tumtafute yule mama, au kumtafuta ni kumtia aibu mara ya pili? Halafu kuna kijana alikuja mwishoni akitaka karatasi ya ruhusa na matabishi (hongo ndogo). Tulimpa kidogo tukaondoka, nalo linaniuma, maana tunaigiza kuhusu haki.

PapaKamalondo

Mtoto wangu, usiogope kicheko. Sisi wa zamani tulilelewa na kundi la maigizo la Mufwankolo, redioni na kwenye televisheni, kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Hawakuwa na maneno yaliyoandikwa. Walikubaliana kisa, nani anaingia kwanza, nani anafunga, halafu kila mtu alitia maneno yake mwenyewe. Tulicheka sana, na ndani ya kicheko hicho tulijiona.

Kosa lenu naliona mahali pamoja. Bukari inamwagika, halafu baba mkubwa anaendelea kusema. Mnampa mtu nafasi ya kupiga makofi. Hapo ngoma inyamaze, na baba mkubwa afunge mdomo. Mtoto wa mjane apige magoti, aokote bukari tonge kwa tonge, atoe mchanga kwa kidole, ampe mdogo wake ale. Fanyeni polepole, msiharakishe kabisa. Mtaona kama kuna mkono utakaopiga makofi.

YayaWaSheria

Mdogo wangu, nianze na karatasi. Katiba yetu ya Kongo ya 2006, kifungu cha 26, inasema wanaofanya maandamano barabarani au mahali pa wazi wanapaswa kumjulisha mkuu wa serikali anayehusika kwa maandishi. Kumjulisha. Mchezo wenu si maandamano, lakini andikeni barua hata hivyo: mpelekee mkuu wa komini, acheni nakala kwa polisi, na mrudi na nakala yenu yenye mhuri. Mtu akija kudai matabishi, mwonyesheni mhuri mbele ya watu wote. Mkilipa mara moja, Jumamosi ijayo atarudi na wenzake.

Sasa mchezo wenyewe. Je, mnasema popote kwamba mali ya marehemu kwanza ni ya watoto? Sheria ya Familia ya 1987 inawapa watoto robo tatu ya urithi, pamoja na wale waliozaliwa nje ya ndoa ikiwa baba aliwatambua akiwa hai, na wale aliowachukua kisheria kuwa wake. Mjane, wazazi na ndugu za marehemu wako katika kundi la pili. Watu wengi hapa wanajua mjane "ana haki" kwa jumla jumla tu, na baba mkubwa anafaidika na hiyo jumla jumla. Msisome kifungu kwa sauti, watu watakimbia. Mtoto amuulize tu: "Baba mkubwa, hivi viti sita, vyangu ni vingapi?"

Mwana_wa_Njanja

Mnamchora baba mkubwa kama shetani. Kuna wajane waliouza lupango kabla arobaini haijafika, wakawaacha wazazi wa marehemu mikono mitupu. Hiyo nayo mtaiigiza lini?

YayaWaSheria

Ndugu, ndiyo maana nimetaja kundi la pili: wazazi wamo, hakuna aliyewatoa. Ila kati ya yule anayeuza lupango na yule anayemwaga chakula cha yatima, kwenye vilio mimi nimemwona wa pili mara nyingi zaidi.

MtotoWaKadutu

Nawasalimu kutoka Bukavu. Sisi tulipata shida kama yenu sokoni Kadutu, tukabadilisha namna. Kuna mbinu ya Mbrazili mmoja, Augusto Boal, iliyoanza miaka ya 1970. Mnacheza kisa hadi mwisho mbaya, mnasimama, mnaanza tena. Safari hii mtazamaji yeyote anaweza kusema "simama", akaingia na kuchukua nafasi ya anayeonewa, ajaribu njia yake. Mwenzenu mmoja anasimamia, anauliza watu: hii ingewezekana kweli kwenye avenyu yenu?

Kwetu wa kwanza kuingia alikuwa kijana, akamtukana baba mkubwa, akafukuzwa naye. Wa pili, msichana, alilia zaidi. Wa tatu alikuwa mzee fulani. Akasema yeye hachukui nafasi ya mjane, anataka kuwa jirani. Kwa kanuni ya Boal haikupaswa, tukamwachia. Akaenda akakaa kwenye kiti kilichokuwa kinahesabiwa. Akakunja mikono. Baba mkubwa akasema, "Mzee, simama." Akajibu, "Nilikuja kilioni. Kilio hakijaisha." Hakusimama! Basi wengine wawili wakaja wakakaa vitini. Mwenzetu alikwama na fimbo yake, hakujua la kufanya.

MamaWaWanne

Nimesoma yote na nimelia kwanza ndipo nikaandika. Mimi nilitolewa kwenye lupango yetu, Katuba, na watoto wanne. Ndugu za mume waliniumiza, lakini wale nilishawajua. Kilichonivunja kilikuja baada ya wiki mbili: nilipita kwa jirani nikakuta viti vyangu vya plastiki barazani kwake. Alivinunua kwa bei ndogo, na aliwahi kula kwenye viti hivyo nyumbani kwangu.

Kwa hiyo baba mkubwa aviuze. Awageukie watazamaji, "Kiti kizuri, bei ya kutupa, nani anachukua?" Mtu atainua mkono, najua atainua. Mpeni kiti akishike, mchezo uendelee akiwa nacho mikononi.

Kuhusu yule mama, kitenge hakikai kwa watu hivi hivi. Kifueni, mkipige pasi, mkikunje vizuri. Waende wasichana wawili, nyumbani kwake, wasimfuate sokoni. Msipige picha. Msimuulize kisa chake. Akitaka kusema, atasema.

MtotoWaKadutu

Mama, pole sana. Ila yule atakayeshika kiti, msimamizi asimkemee wala asimtaje. Mtu akiaibishwa mbele ya soko zima anarudi kwake na hasira, na hasira hiyo itamwangukia mjane wa kweli.

MwanaKasapa

Asanteni, mama na papa, na wote. Barua tumeandika, mhuri tumepata.

Jana wenzetu wawili walipeleka kitenge. Mama alikipokea kwa mikono miwili, akawapa viti, akawapa maji. Walikaa kimya muda mrefu. Hawakuuliza kitu. Walipoaga, akamshika mkono yule anayecheza mjane, akamwambia: "Wewe unalia vizuri. Lakini mimi siku ile sikulia. Nilikuwa nahesabu watoto, nione kama wote wametoka."

Jumamosi tunarudi Kenya. Tumeondoa machozi ya mjane. Atasimama mlangoni, atahesabu.