Je, homoni iliyosimamisha kimo cha mdogo wangu ndiyo hiyo hiyo iliyompungukia mama?

Binti wa Pangani aliuliza:
Habari za jioni, wanajukwaa. Kwenye mwimo wa mlango wa jikoni kwetu ipo mistari ya mkaa tuliyokuwa tukipimania urefu kila Idi. Mdogo wangu wa kike alivunja ungo akiwa na miaka 11, wakati huo akiwapita wenzake wote darasani, lakini baada ya hapo mistari yake ilisongamana, na leo yule anayemfuata amemzidi kimo. Mama ana miaka 60 na alikoma hedhi akiwa na 47. Mwaka jana aliteleza uani akavunjika kifundo cha mkono, na madera yake ya zamani sasa yanaburuta sakafuni. Daktari alimtajia estrojeni, na kitabu cha shule cha mdogo wangu nacho kinaitaja hiyo hiyo. Inakuwaje homoni moja ikuze, izuie kukua, kisha ikipungua mtu adhoofike?

Mwalimu wa Biolojia alijibu:
Ndugu muuliza swali, ni homoni moja kweli. Mfupa mrefu wa mtoto hurefukia karibu na ncha zake, penye tabaka jembamba la gegedu, yaani kitu laini kuliko mfupa, kama kile cha sikioni. Humo seli hujigawa, hujipanga safu kama sahani kabatini, hutuna, na mwisho huacha nafasi yake ishikwe na mfupa. Kazi hiyo huchochewa na homoni ya ukuaji itokayo kwenye tezi ya pituitari, iliyo chini ya ubongo. Estrojeni inapoanza kupanda wakati wa kubalehe huiongeza homoni hiyo, ndiyo maana wasichana hurefuka kwa ghafla, lakini inapozidi kupanda huziharakisha seli za gegedu kufikia ukomo wa kujigawa, mpaka tabaka lote likageuka mfupa.

Hata wavulana hali ni hiyo, kwa kuwa mwili wao hugeuza sehemu ya testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni. Mwaka 1994 madaktari walieleza habari za mwanamume wa miaka 28, mwenye kimo cha sentimita 204, ambaye kwa kasoro ya jeni seli zake hazikuweza kuitikia estrojeni: alikuwa angali anarefuka, na papo hapo mifupa yake ilikuwa dhaifu. Mtu huyo mmoja anabeba habari ya mdogo wako na ya mama yako.

Mkunga Mstaafu alijibu:
Mwanangu, mpe mama pole. Mfupa wa mtu mzima una seli zinazoubomoa na nyingine zinazoujenga upya, na estrojeni ndiyo inayowazuia wabomoaji wasizidi. Msichana huzaliwa na mayai machanga yapatayo milioni 1 hadi 2. Akibalehe yamebaki kama 300,000 hadi 400,000, na karibu na kukoma hedhi ni takriban 1,000 tu. Vifuko vya mayai hayo ndivyo vinavyotoa estrojeni, kwa hiyo vikiisha, wabomoaji huwazidi wajenzi, na kasi huwa kubwa zaidi miaka ya mwanzo.

Hilo la dera kuburuta nakuombeni msilipuuze hata kidogo. Pingili za uti wa mgongo zinaweza kubonyea taratibu bila maumivu makali, na wengi huambiwa ni uzee tu. Mpelekeni hospitali yenye kipimo cha uimara wa mifupa, kwani dawa za kupunguza ubomoaji zipo. Nyumbani ale dagaa pamoja na miba yao, atembee kila siku, na mkeka wa mlangoni uondolewe asijikwae tena.

Binti wa Pangani:
Shikamoo, mama, na ahsanteni nyote. Mdogo wangu, ambaye sasa ana miaka 17, ameuziwa vidonge vya kurefusha. Je, vina maana?

Mwalimu wa Biolojia:
Havina, na tafadhali aviache leo. Gegedu likishafunga, hata homoni ya ukuaji yenyewe haiurefushi mfupa. Ikizidi kwa mtu mzima hutanua taya, mikono na nyayo. Akipigwa eksirei ya mkono wa kushoto mtaona wenyewe: gegedu lililo wazi hutokea kama mstari mweusi karibu na ncha ya mfupa, na lililofunga halionyeshi mstari huo.